Mataruma Saba

Mama Chiriku alikuwa mtu wa kuogopa, na hakulificha jambo hilo. Aliogopa ndoo ya maji ya moto iliyowekwa njiani, aliogopa kisu kilicholazwa makali juu, aliogopa kiatu kilichoachwa kwenye ngazi. Kiwandani walisema mama huyu akikosa cha kuogopa huanza kuogopa kwamba kipo ila amekisahau. Yeye aliwaacha wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na alikuwa ameshachagua nyumba yake iwe upande gani.

Kazi yake ilikuwa kuchagua vigae vya paa. Miaka kumi na minne alikaa kwenye benchi lile lile, akichukua kigae kilichotoka kwenye tanuri, akikining'iniza kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kigae kizima hulia kama kengele. Chenye ufa, hata kama jicho halioni kitu, hutoa sauti ya mtu mwenye mafua. Vizima kulia, vya mafua kushoto. Pembeni yake alikaa shoga yake waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Kutoka kwenye benchi hilo waliona kiwanda chote. Tanuri lilikuwa juu, ghala lilikuwa chini, na kati yake zilipita reli mbili nyembamba kwenye mteremko mdogo, mteremko ambao mpira wa mtoto ungeushuka bila haraka. Juu ya reli lilikwenda toroli la chuma, pana kama kitanda cha watu wawili. Likishapakiwa vigae, mtu aling'oa kabari ya mbao iliyozuia gurudumu, na toroli likashuka lenyewe, kwa mwendo wa bibi harusi.

Huko chini reli ziliishia kwenye gogo nene lililoegemea ukuta wa ghala. Lakini gogo halikutakiwa kuguswa. Toroli likigonga gogo husimama pale pale, ila vigae vilivyo juu yake havina habari. Vyenyewe vinaendelea na safari, vinasukumana na kuvunjana pembe. Ndiyo maana, tangu kiwanda kianze, kulikuwa na kazi moja yenye heshima kuliko zote, kazi ya mpokeaji. Mpokeaji alisimama katikati ya reli kwenye mstari wa chokaa, uso kwa uso na toroli. Likimfikia alilishika kwa viganja na kifua, akarudi nyuma nalo hatua kwa hatua, akilibana, akilinyima mwendo kidogo kidogo, mpaka linatulia bila kigae kimoja kulia. Mgongoni mwake, kutoka kwenye chokaa mpaka kwenye gogo, kulikuwa na mataruma saba, yaani zile mbao saba zilizolazwa chini ya reli kuzishikilia. Saba tu. Baada ya hapo ni gogo, na nyuma ya gogo ni ukuta.

Kwa miaka kumi na moja mpokeaji alikuwa Nanga. Alikuwa na kilo tisini, nusu mifupa na nusu ukaidi. Akikutana na wewe mlangoni alikupisha, lakini toroli hakulipisha.

Sasa sikiliza vizuri hapa, hasa wewe mwenye mtoto anayefanya kazi na vitu vizito.

Ilikuja oda kubwa ya vigae, malori yakawa yanasubiri nje ya geti. Nyapara, kijana mwenye shati jeupe aliyeletwa mwaka huo, akaamua toroli libebe ghorofa mbili za vigae badala ya moja. Nusu tani ikawa tani nzima. Wapakiaji walinung'unika kidogo, naye akatoa simu yake kupima muda. Toroli la ghorofa moja lilishuka kwa sekunde kumi na tisa. La ghorofa mbili likashuka kwa sekunde kumi na tisa.

"Mmeona?" alisema. "Mwendo ni ule ule wa bibi harusi. Haliongezi hata nukta. Sasa ubaya uko wapi?"

Hakuna aliyeona ubaya. Hata Nanga alikuna kichwa akasema kweli, mwendo haukuzidi. Nyapara akarudi kwenye kiti chake. Kiti hicho alikuja nacho siku ya kwanza, cha chuma, chenye mto wa sponji, akakiweka kwenye kivuli cha ghala na kukataza mtu asikikalie. Redio alisema kiti kile kina maringo kuliko mwenyewe.

Mama Chiriku hakutazama simu. Alitazama vumbi.

Chini pale kulikuwa na vumbi jekundu la vigae, laini kama unga, na visigino vya Nanga viliandika kila kitu humo. Miaka yote kumi na moja, visigino vile viliishia kwenye taruma la tatu. Hapo ndipo toroli lilipokubali kusimama. Wiki ya ghorofa mbili ilipoanza, Mama Chiriku aliinua macho kutoka kwenye kigae akaona alama za visigino kwenye taruma la sita.

Akamgusa shoga yake. "Hebu tazama pale. Nanga anaishia wapi siku hizi?"

"Anaishia pale pale, kazini."

"Nasema visigino. Vilikuwa la tatu, vimefika la sita."

"Wewe mwanamke," alisema Redio, "watu wanahesabu siku za mshahara, wewe unahesabu visigino vya mume wa mtu."

Lakini tangu siku hiyo alihesabu. Na tangu siku hiyo vigae viwili vitatu vyenye ufa vilimpita upande wa kulia, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea.

Jumamosi Nanga aliamka asiweze kuinama kufunga kamba za viatu. Mgongo ulikuwa umekataa. Nyapara hakusikitika sana. Aliita watu, akatazama huku na huku, akasema, "Chiriku."

Chiriku alikuwa kitinda mimba wa Mama Chiriku, miaka ishirini na miwili, mpakiaji wa toroli huko juu. Alipewa jina hilo utotoni kwa kuongea tangu jua linachomoza, na mama yake akabaki analibeba kama mkoba. Alikuwa amesoma mpaka sekondari, hesabu anaziweza, mikono inayo nguvu, na moyo, mama yake alisema, ulikuwa na nguvu kuliko mikono.

"Hajawahi kuwa mpokeaji mwanamke hapa," alisema nyapara. "Utaweza au nitafute mwanamume?"

Ukitaka mtu aingie kisimani, mwambie hawezi. Chiriku akavua kanga kiunoni akashuka kwenye mstari wa chokaa.

Siku hiyo toroli lilikuwa la majaribio, ghorofa moja tu. Likaja, akalipokea, akarudi nalo nyuma akikaza meno, likasimama. Kigae hakikulia. Wapakiaji wakapiga miluzi. Nyapara akasema Jumatatu ataanza rasmi, na ghorofa mbili kama kawaida, na akampa glavu mpya za ngozi mbele ya wote.

Watu walipotawanyika, Mama Chiriku alichukua ufagio, akashuka kana kwamba anafagia, akainama. Visigino vya mwanawe vilikuwa vimeishia katikati ya taruma la nne na la tano.

Alisimama pale na ufagio wake. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini hesabu hii ilikuwa ya darasa la tatu. Nanga, ghorofa moja, mataruma matatu. Ghorofa mbili, sita. Mzigo mara mbili, safari mara mbili. Chiriku, ghorofa moja, mataruma manne na nusu. Ghorofa mbili, tisa.

Na mataruma yalikuwa saba.

*

Jioni hiyo Chiriku alikaa mlangoni akizipaka glavu mafuta ili zilainike. Mama yake alikuwa akikunja nguo zilizokauka, shati moja akilikunja na kulikunjua.

"Jumatatu huendi," alisema.

"Mama."

"Nimesema."

"Nimeshakubali mbele ya watu wote. Unataka nirudi niseme nini, mama amenikataza? Nina miaka sita?"

"Sema una mafua. Sema una wazimu. Sema mama yako ana wazimu, watakuamini mara moja."

Chiriku akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Halafu akaweka glavu chini, akachukua sauti ya mwalimu. "Mama, haya mambo nimeyasoma. Kitu kizito na kitu chepesi vinateremka sawasawa. Nyapara kapima. Sekunde kumi na tisa na kumi na tisa. Kama mwendo haujazidi, hatari imezidi wapi?"

"Nikuulize. Lile pipa letu la maji nimeshakusimulia?"

"Pipa gani tena?"

"Hukuwa umezaliwa. Tulikuwa tunaliviringisha mimi na mama yangu kutoka bombani. Asubuhi moja lilinitoka mkononi likiwa tupu, likateremka mpaka nyumbani, likagonga mlango. Mlango ukasema ko, kama mgeni anabisha hodi. Bibi yako akatoka akasema karibu. Wiki ile ile likanitoka likiwa limejaa. Njia ile ile, mwendo ule ule, nililikimbilia pembeni yake nikiwa sawa nalo. Likafika mlangoni. Unajua mlango tuliukuta wapi?"

"Wapi?"

"Uvunguni mwa kitanda. Na bawaba zake."

Chiriku aligeuka akazitazama bawaba za mlango. Mama yake akasogea. "Kulianzisha lile pipa lililojaa kulitutoa jasho watu wawili. Kilichokataa kwenda ndicho kinachokataa kusimama. Huo ndio ubishi wake, wa kwenda na wa kusimama ni mmoja. Nyinyi mnatazama mbio tu. Mtu akiona kitu kinakuja polepole anasema nitakizuia kwa mkono, kwa sababu angeweza kukipisha kwa mguu. Wangapi wamebanwa hivyo? Gari bovu linasukumwa, mtu anaweka mgongo kati ya gari na ukuta. Mwendo wa kobe. Na mbavu zikavunjika kwa mwendo wa kobe."

"Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko," alisema Chiriku, nusu kwa utani.

"Ndiyo nini hiyo, kwa lugha ya watu?"

"Kwamba... nguvu ya kukibadilisha kitu mwendo inategemea kina uzito gani na unataka kibadilike upesi kiasi gani. Ukitaka kisimame ghafla, nguvu kubwa. Ukikipa nafasi, nguvu ndogo."

"Sawa. Nguvu unayo ile ile uliyonayo. Kwa hiyo unahitaji nafasi. Ghorofa moja ulitumia mataruma manne na nusu, nimeyaona mwenyewe. Ghorofa mbili utatumia mangapi?"

Macho ya Chiriku yalienda juu kidogo, kama ya mtu anayepiga hesabu, kisha akayashusha kwa nguvu.

"Leo nilikuwa najaribu tu. Jumatatu nitakaza."

"Utakaza mpaka taruma la ngapi?"

"Mama, wewe unaogopa hata jiko lisilowashwa. Ningekusikiliza toka utotoni ningekuwa bado natambaa." Akaokota glavu zake akaingia ndani.

Mama Chiriku akabaki na shati mkononi. Aliona mwanawe ameifanya ile hesabu. Ameifanya na jibu amelipata, ila kulisema ilikuwa kama kuvua nguo mbele za watu waliompigia miluzi.

*

Jumatatu asubuhi alimfuata nyapara kabla hajakaa. Akamweleza yote, la tatu na la sita, manne na nusu na tisa. Akamwomba arudishe ghorofa moja, au toroli lishikiliwe kwa kamba kutoka juu.

"Kamba inakula dakika kumi kila safari, mama. Malori yako nje."

"Basi lipokee mwenyewe."

Nyapara alitabasamu. "Mama yangu, wewe ulisoma mpaka la ngapi?"

"La saba."

"Mimi nina diploma. Niachie mambo ya mitambo, wewe nigongee vigae. Kila ndege huruka na ubawa wake."

"Ndege, ndiyo," alisema Mama Chiriku. "Toroli halina ubawa. Likija halipai."

"Rudi kwenye benchi."

Akarudi. Alichukua kigae, akakigonga, hakusikia kitu. Kengele au mafua, masikio yalikuwa yameziba. Nanga alikuwa amekuja siku hiyo kumwonyesha Chiriku kazi, amejifunga kitambaa kiunoni, anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Alipita karibu na benchi.

"Nanga," alisema Mama Chiriku kwa sauti ndogo. "Ijumaa uliishia wapi?"

Nanga alitazama chini. "Unauliza nini, dada yangu."

"Vumbi la Ijumaa lilikuwa limefagiwa nilipofika. Nani alilifagia?"

Nanga akakaza kitambaa chake kiunoni, akasema, "Mimi. Mgongo uligusa gogo. Toroli lilisimama likiwa kifuani. Nikahesabu pumzi tatu kabla sijajua kama ni zangu."

"Na hukusema."

"Miaka kumi na moja, dada. Naanzaje kusema?"

Hapo ndipo Mama Chiriku alipoinuka. Redio alimshika nguo akamwachia, kwa sababu alimwona uso. Huko juu toroli lilikuwa limepakiwa ghorofa mbili na kabari iko chini ya gurudumu. Chini Chiriku alikuwa anavaa glavu, bado hajaingia kwenye reli, na watu wa ghalani wametoka kutazama. Mama Chiriku hakwenda kwa mwanawe. Alikwenda kivulini, akakiinua kile kiti cha chuma chenye mto wa sponji, akakichukua kifuani kama mtoto, akaingia nacho kwenye reli. Akakiweka juu ya taruma la saba, mgongo wa kiti umegusa gogo. Halafu akakikalia, akakunja mikono.

Kiwanda kizima kikanyamaza. Hata Redio.

"Mama, unafanya nini?" alisema Chiriku.

"Nimekaa. Miaka kumi na minne nakalia benchi lisilo na mto, leo nimekaa."

Nyapara alikuja mbio. "Wewe mama, toka hapo. Na kiti changu."

"Kwani kuna hatari gani? Mwendo si wa bibi harusi? Likija nitalizuia kwa mkono."

"Sitaki mchezo. Toka."

"Mimi nitatoka," alisema, na akainuka taratibu, akajipangusa vumbi, akavuka reli. "Kiti kinabaki. Kiti chako hakina mama wa kukisemea, basi kijisemee chenyewe."

Watu wakaguna. Nyapara aligeuka kumwambia mtu akiondoe, na wakati huo huo wote wakasikia sauti ya mbao ikipigwa nyundo. Nanga alikuwa amepanda mteremko kwa hatua zake za mayai, na mikono yake ndiyo iliyong'oa kabari.

Toroli lilianza kuja. Likaja kama lilivyokuja siku zote, bila haraka, magurudumu yakiimba. Sekunde kumi na tisa ni nyingi ukizihesabu.

"Toa kiti chako," alisema Mama Chiriku. "Nafasi ipo."

Nyapara alisogea hatua moja kuelekea kwenye reli. Akalitazama toroli. Mguu mmoja uliinuka, ukaning'inia hewani kama wa kuku, ukarudi ulipotoka. Hakuingia. Na hakuna aliyemlaumu kwa hilo, kwa maana hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba miguu yake mwenyewe ilikuwa imeijua hatari siku zote.

Halikutoa kishindo kikubwa. Hilo ndilo lililowatisha. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayekunja karatasi ngumu, na kiti kikakunjwa hivyo hivyo, miguu ikaingia kwenye mgongo, mgongo ukaingia kwenye mto, mpaka kikawa chembamba kama kitabu. Toroli likasimama. Lakini ni chini tu kulikosimama. Ghorofa ya juu haikusikia habari hiyo. Ikaendelea kuja kwa mwendo wake ule ule wa pole, ikavuka ukingo wa toroli na kumiminika juu ya gogo, kigae juu ya kigae, pale ambapo kichwa cha mpokeaji kingekuwa. Vumbi jekundu likainuka.

Lilipotulia, kipande cha sponji kilikuwa kimetokeza ubavuni mwa toroli. Redio alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Maringo yamekwisha," alisema, lakini hakucheka.

Nyapara alikuwa amebadilika rangi, ila mtu mwenye cheo hukosa haya kabla ya kukosa neno. "Huo si ushahidi," alisema. "Kiti hakina mikono. Hakuna aliyelipokea, ndiyo maana. Mtu angelishika toka kwenye chokaa, angelipunguza. Safisheni hapa, lirudisheni juu, lipakieni. Chiriku, jiandae."

Walisafisha. Saa nzima ilipita. Mama Chiriku hakurudi kwenye benchi. Alisimama kando ya reli. Toroli likapakiwa tena, ghorofa mbili. Kabari ikawekwa, na safari hii nyapara alimweka mtu wake kuishika.

"Chiriku," aliita. "Twende."

Chiriku akaingia kwenye reli.

Mama yake alimwona amesimama kwenye mstari wa chokaa, anakaza kamba za glavu, anatazama juu toroli lilipo. Kisha Chiriku akageuka, akalipa toroli mgongo, akaanza kutembea kuelekea kwenye gogo huku akikanyaga taruma moja moja na kuhesabu kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani.

"Moja. Mbili. Tatu, hapa Mjomba Nanga, ghorofa moja. Nne. Nne na nusu, hapa mimi, Jumamosi. Tano. Sita, hapa Mjomba, ghorofa mbili. Saba." Kifua chake kilikuwa kimegusa gogo. Akalipapasa gogo, akaupapasa ukuta, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Akageuka. "Nyapara, mikono ninayo, kweli, kiti hakikuwa nayo. Lakini mikono yangu inamaliza kazi taruma la tisa. La nane na la tisa umeyaweka wapi? Yako ndani ya ghala?"

Mtu mmoja akacheka puani.

"Unaogopa," alisema nyapara. "Sema tu. Ni mtoto wa mama yako."

"Ndiyo, naogopa," alisema Chiriku. "Na ni mtoto wake." Akavua glavu, moja halafu nyingine, akazilaza juu ya gogo, viganja vikitazama toroli. "Mpokeaji wako huyo hapo. Ukiyapata mataruma mawili nipigie simu."

Akatoka kwenye reli, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama, akapanda kwenda kukaa na wapakiaji.

Nyapara alimwita mwingine. Huyo akasema ana mke. Akamwita wa tatu, akasema hana mke lakini anatarajia. Akamgeukia Nanga, na Nanga akasema, "Mgongo wangu umeshagusa gogo mara moja. Haujapapenda." Toroli lilikaa juu na kabari yake mpaka saa tisa, malori yakipiga honi nje ya geti, mpaka mwenye kiwanda mwenyewe alipokuja na kukuta wafanyakazi thelathini wamekaa chini na kiti kimoja chembamba kama kitabu.

Sitasema kwamba mambo yalikuwa mazuri kwa kila mtu. Ghorofa ya juu iliteremshwa kwa mikono jioni ile. Kamba nene ikafungwa nyuma ya toroli, ikazungushwa mara tatu kwenye nguzo ya chuma huko juu, na toroli likawa linateremshwa kama ndoo ya kisimani. Ikaonekana haikuwa dakika kumi, ilikuwa nne. Nyapara alibaki na shati lake jeupe, akisimama. Mama Chiriku alitolewa kwenye benchi kwa utovu wa nidhamu, akapelekwa kukanda udongo, kazi ya vijana, na jioni mikono yake ilikuwa haifungi. Waliombembeleza aombe radhi arudishwe aliwajibu kwamba udongo haumsumbui, haujawahi kuteremka.

Chiriku hakusema naye siku tatu. Ya nne aliweka daftari la zamani mbele yake wakati wa kula. Kulikuwa na mchoro wa mteremko, na toroli, na mtu mdogo kama njiti ya kiberiti.

"Nimepiga upya kwa njia ya kwenye kitabu," alisema. "Imetoka nane na nusu."

"Mimi nilipata tisa."

"Kwa hiyo ulikosea nusu."

"Basi," alisema mama yake, "nusu hiyo ni yako. Kula."

Hadi leo, saa ya mapumziko, Mama Chiriku huosha udongo mikononi, huteremka mpaka reli zinapoishia na kuinama. Wanamcheka bado. Anatazama vumbi kuanzia kwenye chokaa, taruma la kwanza mpaka la saba, moja moja, bila kuruka. Siku nyingi hakuna kitu. Jana kulikuwa na nyayo za paka, nne nne, zimekatisha reli kwenye taruma la sita bila kusimama. Akazifuata kwa macho mpaka zilipotokea upande wa pili, ndipo akarudi kwenye udongo wake.